Sura ya Sita: Kahawa Chungu ya Girdesor

Inspekta Nariman alipima mlango wa stoo kwa mara ya nne. Alijua vipimo havitabadilika, ila hakuwa na kazi nyingine, na mtu mwenye futi mkononi huonekana anajua anachokifanya. Kufuli lilikuwa zima. Bawaba zilikuwa nzima. Dirisha lilikuwa moja tu, lenye nondo ambazo hata paka angezipita kwa kujibana. Aliyeingia humu Ijumaa aliingia kwa ufunguo, akachukua alichokitaka, akafunga nyuma yake bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyetumwa chumvi jikoni kwake.

Na funguo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao Dakta Chinar, mkuu wa uchimbaji wa mambo ya kale, ambaye Ijumaa hiyo alishinda mjini Erbil kwenye harusi ya binamu yake, akiwa na mashahidi mia tatu na picha za kutosha. Wa pili ulikuwa wa Rasul Hamad, mlinzi wa kilima kwa miaka thelathini na moja, mzee wa miaka sitini na nane. Huyo alikuwa mahabusu tangu Jumamosi, kwa amri ya Nariman mwenyewe.

"Sikuiba," ndivyo alivyosema mzee siku ya kwanza.

"Basi kiko wapi?"

"Kiko mahali pake."

Leo ilikuwa Jumatano na mzee hajaongeza neno hata moja. Kesho saa sita mchana hakimu angetia saini, na Rasul angepelekwa gereza kuu la Erbil kungoja kesi. Sheria ya mambo ya kale haina mzaha, na kwa umri ule asingetoka humo kwa miguu yake. Nariman hakuamini tena kwamba mzee yule ni mwizi, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Angekuwa anaamini, angekuwa anapata usingizi.

"Umepata chochote?" Dakta Chinar aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Nimepata upana wa mlango wako, Dakta. Ni ule ule wa jana."

"Usinifanyie mzaha, Inspekta. Miaka minne nimechimba kilima hiki kutafuta kitu kama kile."

"Hebu niambie tena. Polepole, kama unamweleza mtu mjinga. Kwa nini mtu aibe mkono wa udongo na kuacha sanduku zima la shanga?"

Dakta akaketi juu ya kreti. Mkono huo ulikuwa wa udongo wa kuchoma, ukubwa wa mkono wa mtu mzima, vidole vitano vimejikunja kidogo, na mgongoni una mstari mmoja wa maandishi ya kale ya kabari. "Mafundi wa Ashuru walikuwa wakichomeka mikono kama huu ukutani chini ya boriti, vidole vikichungulia nje. Sasa, vyombo husafiri. Mtu wa hapa angeweza kununua bakuli Ninawi akaja nalo juu ya punda, na wewe ukilifukua ukadhani Waashuru walikaa hapa. Lakini nani anunue mkono wa ukutani? Ukiukuta ndani ya ukuta, ujue aliyejenga alifundishwa huko, na aliyemtuma kujenga alikuwa mtu wa mfalme. Bila ule mkono, Girdesor ni kijiji cha wafugaji waliopenda vyombo vizuri. Ukiwepo, hapa palikaa liwali."

"Mliutoa wapi hasa?"

"Mtaro wa tatu. Mita sita chini ya kaburi la Pir Brahim, walii wao, lile lenye kuba pale kileleni."

"Na wafanyakazi walisemaje?"

Dakta alicheka, kisha akaona haya. "Vidole vilipotokeza ukutani wakatupa sururu. Mmoja akaanza kusoma Yasini. Nikawaambia, jamani, ni udongo tu huu, una miaka elfu mbili na mia saba. Nikaugonga kwa kucha ili wasikie unavyolia. Nikauweka kwenye trei ya plastiki, nikaupa namba."

"Wakasema nini?"

"Hawakusema kitu. Walirudi kazini."

Nariman aliandika hilo kwenye daftari lake, na kama alivyofanya na mambo mengi wiki hiyo, hakulifikiria zaidi.

Uani, Mwalimu Ferhang, mchoraji wa kikosi cha uchimbaji, alikuwa akikunja kamba za mitaro, kamba nyembamba za rangi ya chungwa zinazoonekana hata kwenye vumbi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nariman alikuwa ameshamhoji. Ijumaa alikuwa kwa dada yake Erbil, na dada alithibitisha kwa simu.

"Afande, samahani kukusumbua na mawazo yako," Ferhang alisema. "Nakwenda Sulaimani kutoa nakala za michoro. Ila tangu Jumamosi vijana wa kizuizi cha barabarani wanafungua kila kitu kinachotoka hapa. Juzi wamemkunjia Dakta ramani tatu. Ukiniandikia mistari miwili tu..."

Nariman alimwandikia mistari mitatu na kugonga muhuri juu ya boneti ya gari. Kwa kuwa Ferhang alikuwa na mabegi mikono yote miwili, akambebea pia lile bomba nene la kadibodi lililofungwa kamba ya chungwa, akalilaza kiti cha nyuma.

"Karatasi zenu nzito, mwalimu."

"Ni karatasi ya nta, afande. Na mie sijui kuchora kidogo." Akacheka, akashukuru mara mbili, akaondoka. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Robo saa baadaye kanali, mkuu wake, alipiga simu. "Kesho saa sita, Nariman. Nataka mkono, au nataka kesi iliyokamilika. Mwandishi mmoja wa gazeti anakaa kwenye ngazi za ofisi yangu kama deni."

"Ndiyo, afande."

"Mbona unasema ndiyo kama mtu anayeng'olewa jino?"

Nariman akakata simu na kuitukana, maana haikuweza kujibu.

*

Walishuka kijijini kwa miguu, yeye na Sajini Shwan, dereva wake, mtu mnene kutoka kijiji cha ng'ambo ya bonde aliyekuwa na jibu kwa kila kitu isipokuwa kesi hii.

"Tunakwenda kwa nani tena, afande? Wote tumeshawauliza. Tumebakiza kondoo."

"Kwa Mulla Sdiq, imamu wao."

"Yule wa Jumamosi? Mungu atusaidie. Nilitoka pale na tumbo limeninunia."

Nariman aliikumbuka vizuri Jumamosi. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa mbele ya msikiti, na wanaume wamekaa kimya, ndevu mbichi zimewajaa mashavuni. Hakuna aliyemtazama usoni. Wakamletea kahawa isiyo na chembe ya sukari, katika nchi ambayo hata adui hupewa chai tamu, na alikuwa ameipokea kama tusi. Kitu pekee cha utu siku ile kilikuwa halua, vipande vya moto juu ya mkate, alivyopewa na mke wa mulla mlangoni. Alikula vitatu. Shwan alikula sita.

Leo mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha. Mulla Sdiq alikuwa ametoka kwa kinyozi. Ndevu zimepunguzwa vizuri, shingo inanukia marashi.

"Karibu, kaka Nariman, karibu ndani. Hujambo? Watoto hawajambo? Na wewe sajini, karibu, pale pana mto mzuri."

Wakakaa. Nariman akauliza maswali yale yale. Ijumaa ulikuwa wapi? Msikitini. Ulimwona Rasul? Nilimwona kwenye swala. Alikuwa na mzigo? Rasul hubeba fimbo, kaka, na hiyo fimbo ndiyo humbeba yeye. Majibu yalikuja laini, yamepigwa pasi, na Nariman alihisi hasira ikimpanda shingoni. Tangu Jumamosi alikuwa akiingia na kutoka kwenye vyumba hivi, na kila mtu alimjibu, na hakuna aliyemwambia kitu.

Chai ikaletwa. Glasi ndogo, nyekundu, na bakuli la sukari ya vipande limejaa pomoni.

"Leo wametusamehe," Shwan alinong'ona, akidumbukiza kipande cha tatu.

"Tuliwakosea nini Jumamosi?"

"Sijui. Lakini ile kahawa ilikuwa ya kufukuzia mtu."

Nariman alikuwa ameinua glasi. Akairudisha chini bila kunywa.

"Shwan. Kwenu kahawa chungu hunywewa lini?"

"Msibani, afande. Siku tatu za tanzia. Hata mjini si ndivyo?"

"Na wanaume huacha kunyoa lini?"

Shwan akaacha kukoroga.

Nariman akamgeukia mwenyeji wake. Ijumaa, akahesabu. Jumamosi, Jumapili. Jumatatu mvua ilinyesha na hakufika kijijini. Jumanne akaja na kuwakuta wote wamenyolewa, wamechangamka, na yeye akadhani wameanza kumzoea. "Mulla, nani alikufa hapa Ijumaa?"

"Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi."

"Mkeo alinipa halua. Halua ya sadaka. Nilikula kwa ajili ya roho ya nani?"

Mulla Sdiq akaangalia mikono yake.

Nariman alitaka kucheka na alitaka kupiga ukuta ngumi. Ushahidi aliletewa kwenye sahani siku ya kwanza ya upelelezi, na yeye akaula, akalamba vidole, akaenda kupima milango! "Mliuzika," alisema. "Ule mkono. Mliuchukua stoo mkauzika."

"Tuliuosha kwanza," mulla alisema kwa utulivu. "Tukauvika sanda. Tukauswalia baada ya alasiri. Dini iko wazi, kaka. Kiungo cha mja kikipatikana hakiachwi juu ya rafu."

"Ulikuwa udongo!"

"Na wewe umeumbwa kwa nini?"

"Mulla, usinichezee. Una maandishi ya Ashuru mgongoni!"

"Kila mtoto wa Girdesor anajua kwamba Pir Brahim alikatwa mkono wa kulia na waliokuja kuchoma kijiji, na kwamba mkono wake haukuonekana. Miaka yote tunamwombea arudishiwe. Ijumaa moja baada ya nyingine, miaka mia nne. Halafu siku moja vidole vitano vinatoka ukutani chini ya kaburi lake, na yule dada msomi anavigonga kwa kucha mbele yetu na kucheka. Wewe ungefanya nini?"

Nariman akasimama. "Mzee wa watu amekaa ndani siku tano! Kesho wanampeleka Erbil. Mlikuwa mnangoja nini?"

"Rasul ndiye aliyetuapisha," mulla alisema. "Alisema, akitamka mmoja tu, watakuja na masepetu. Mimi ni mtu mmoja, alisema, nina miaka mingapi tena. Pir ni wa watu wote."

*

Makaburi yalikuwa chini ya kilima, upande wa mashariki. Mulla aliwaonyesha kaburi fupi lisilo na jina, katikati ya makaburi mawili ya zamani, kisha akasogea pembeni akasimama na tasbihi yake. Wanaume wa kijiji walikusanyika kwenye ukuta wa makaburi.

"Nani ana sepetu?" Nariman aliuliza.

Hakuna aliyesogea. Akamtazama Shwan.

"Afande," Shwan alisema, akivua kofia, "niandikie utovu wa nidhamu. Mimi bado nina mama, na akisikia..."

Nariman akavua koti, akachukua sepetu lililoegemezwa ukutani. Alikwishainua sepetu Shwan alipomshika mkono.

"Subiri kwanza. Tazama makaburi mengine." Udongo wa makaburi yote ulikuwa umekauka kwa gamba, umechorwa vijito vidogo na mvua ya Jumatatu. Kaburi fupi halikuwa na gamba. Udongo wake ulikuwa umevurugika, laini, kama uliomwagwa jana. "Kaburi la Ijumaa, afande. Mvua ililiruka?"

"Mulla! Mmeligusa hili tangu Ijumaa?"

"Aligusaye kaburi ni nani?" mulla aliuliza, akaja mbio.

Nariman akachimba. Hakuwa fundi, akatoka malengelenge kabla ya kufika magotini, na kila mpigo alisikia macho ya wale wanaume mgongoni. Hatimaye ikatokea sanda nyeupe, imekunjwa vizuri, yenye uzito unaofaa. Kwa dakika moja nzima alifurahi. Mkono umepatikana, mzee atalala kwake leo, na kanali atafute mtu mwingine wa kumng'oa meno.

Akaupandisha mzigo juu. Mulla akautazama, rangi ikamtoka.

"Nani ameifunga?"

"Si ninyi?"

"Vifundo vya sanda hufunguliwa kaburini! Nilivifungua mwenyewe, kwa mikono hii. Maiti halazwi akiwa amefungwa."

Katikati ya sanda palikuwa na fundo gumu la kamba, la mtu aliyehofia mzigo usimponyoke gizani mwa shimo. Nariman akalikata kwa kisu. Ndani mlikuwa na kipande cha tofali.

Kwenye ukuta mtu mmoja alianza kulia kwa sauti, mwanaume mzima, bila kujificha. Mulla Sdiq alikaa chini pale pale kwenye udongo. Nariman alibaki na kamba mkononi. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya chungwa.

"Mulla, siku ya mazishi mgeni yeyote alikuwepo?"

"Hakuna. Tulikuwa kumi na wawili, watu wa hapa."

"Una hakika?"

"Mimi nilikuwa mbele, kaka. Imamu haoni nyuma yake. Aliyesimama nyuma kabisa kuangalia njia alikuwa Rasul."

*

Kituoni ilikuwa saa tisa alasiri. Nariman aliagiza mzee atolewe mahabusu na aletwe ofisini, si kwenye chumba cha mahojiano, na chai iletwe na sukari. Rasul Hamad aliingia akiburuta viatu visivyo na kamba. Akayaona malengelenge ya Nariman, akauona udongo kwenye suruali yake, akaelewa kabla ya kuambiwa.

"Mmemfukua," alisema.

"Nimekufukulia uhuru wako, ami. Kaburi lilifunguliwa baada ya mvua ya Jumatatu, na wewe uko kwangu tangu Jumamosi. Hakuna hakimu atakayekugusa kwa wizi."

"Mmemrudisha mahali pake?"

Nariman akamsogezea chai. "Hakuwepo, ami. Tumekuta tofali."

Mzee hakupiga kelele. "Siku tano," alisema. "Siku tano nimekaa na vichaa na walevi, nikijiambia, angalau yeye amelala salama." Akamtazama Nariman kama mtoto anayetaka jibu la kweli. "Mwanangu, ningekwambia Jumamosi, ungemlinda?"

"Ningemlinda." Lilikuwa jibu la kweli, na Nariman alitamani lingekuwa la uongo.

Akaweka kamba ya chungwa juu ya meza. "Nani mwingine alikuwa pale Ijumaa? Mulla anasema hapakuwa na mgeni."

Rasul aliichukua kamba.

"Niliapa nisimtaje," alisema. "Alikuja tukiwa tumeshaanza swala. Niliogopa atatuchongea kwa Dakta. Lakini alivua viatu, akasimama pembeni yangu, akaswali. Halafu akalia, mwanangu. Alilia kuliko sisi wote. Akanibusu paji la uso, akasema mmefanya vizuri, ami, hapa ndipo pake. Wenzangu wakiwa wameinamia kaburi, akaniuliza mmemlaza wapi, ili awe akipita amsomee Fatiha. Nikamwonyesha kwa kidole changu hiki. Nikajiambia, msomi mwenye moyo namna hii nikimtaja watamfukuza kazi bure." Akameza mate. "Mwalimu Ferhang."

Nariman alikwishashika simu. Kizuizi cha barabara ya Sulaimani kilipokea mlio wa pili.

"Ndiyo, afande, amepita," askari alisema. "Saa nne kasoro. Gari la kijivu, mtu mmoja, miwani. Alikuwa na bomba la makaratasi."

"Mlilifungua?"

"Tungelifunguaje, afande? Alikuwa na barua yako."

Nariman alitoa amri alizopaswa kutoa: Sulaimani, njia zote za mpakani, namba ya gari, dada wa Erbil akamatwe kwa ushahidi wa uongo. Alizitoa kwa sauti ya kawaida, moja baada ya nyingine, akijua kwamba gari lina saa tano na ushei mbele yake. Kisha akaweka simu chini. Viganja vilikuwa vikimwaka kwa malengelenge, lakini uzito wa lile bomba aliukumbuka vizuri zaidi.

Mzee alikuwa hajanywa chai yake. Aliisukuma taratibu hadi upande wa Nariman.

"Na wewe alikulilia?"

"Hapana, ami," Nariman alisema. "Mimi nilimbebea mzigo."